Madini kwa mbuzi na kondoo: namna ya kuwalisha, na lini inafaa kupima damu

Maswali yanayokuja ni yaleyale. "Mbuzi wangu wanalamba ukuta, wamepungukiwa nini?" "Jiwe la kulamba la ng'ombe naweza kuwawekea kondoo?" "Nimeambiwa nipime damu, sasa nipime nini?" Nayajibu yote hapa kwa mpangilio ambao mwenye mbuzi watano anaweza kuufuata, na mwenye mia mbili pia. Mifano yangu ni ya Tanzania na Kenya, maana ndiyo malisho ninayoyajua.

Ndugu mfugaji, jambo moja ulishike tangu mwanzo: damu hupimwa mwisho, haipimwi mwanzo. Mwili wa mbuzi unailinda damu kwa nguvu zote. Akikosa kalsiamu kwenye chakula, mwili huichota kwenye mifupa, na damu inaendelea kusoma vizuri huku mifupa ikidhoofika. Shaba nayo huwekwa akiba kwenye ini. Damu haitaonyesha upungufu mpaka ini liwe karibu tupu. Kwa hiyo mtu anaweza kulipia kipimo, akaambiwa "kawaida", akarudi nyumbani kwa furaha, na kundi likaendelea kuharibika. Anza na chumvi, chakula na minyoo. Damu uiulize baadaye, tena uiulize swali moja mahususi.

Vya kuandaa kabla hujaanza

- Mizani inayosoma gramu, na nyingine ya kuning'iniza ya kupimia wanyama. Ya kuning'iniza unaweza kuazima.
- Daftari na kalamu.
- Kihori cha mbao au nusu ya pipa la plastiki, kikiwa chini ya paa.
- Chumvi ya kawaida ya dukani yenye madini joto.
- Mchanganyiko wa madini wa mbuzi na kondoo, wenye lebo inayosomeka.
- DCP (dikalsiamu fosfeti, unga wenye fosforasi na kalsiamu) au chokaa ya mifugo. Usinunue bado, hatua ya 4 itakuambia ipi.
- Maji safi yanayopatikana muda wote.
- Namba ya simu ya afisa mifugo au daktari wa mifugo wa eneo lako.

Hatua ya 1: Ondoa minyoo na njaa kwenye orodha ya washukiwa

Kondoo aliyekonda, manyoya yamesimama, anatembea nyuma ya wenzake: wengi humwona wakasema "madini". Mara nyingi ni minyoo. Vuta kope la chini uangalie utando wa ndani. Ukiwa mwekundu, sawa. Ukiwa mweupe kama karatasi, huenda minyoo inayonyonya damu tumboni ndiyo inayomwua, na jiwe la kulamba halitamsaidia kitu. Wape dawa kwa uzito sahihi, subiri wiki mbili hadi tatu, kisha mwangalie tena.

Njaa nayo haidanganyi. Shika mgongo nyuma ya mbavu za mwisho. Ukihisi mifupa imechongoka kama meno ya msumeno wakati ni Septemba na malisho yamekwisha, mnyama huyo anahitaji chakula kwanza. Madini hayajazi tumbo.

Hatua ya 2: Andika wanachokula, kwa ukweli

Chukua daftari uandike kila kinachoingia mdomoni mwa mifugo yako kwa wiki nzima: nyasi za aina gani, majani ya miti gani, pumba, mashudu, mabaki ya jikoni, maganda ya mihogo, maji ya kisima au ya bomba. Watu wengi huruka hatua hii, lakini majibu mengi yamo humu.

Nyasi zilizokauka za kiangazi huwa na fosforasi kidogo sana, na sodiamu karibu hakuna. Majani ya miti jamii ya mikunde kama lusina, na migunga wanayoipenda sana mbuzi, yana kalsiamu ya kutosha. Pumba ya mahindi na ya ngano ni kinyume chake: fosforasi nyingi, kalsiamu kiduchu. Pumba ya ngano ina fosforasi takriban asilimia 1 na kalsiamu chini ya asilimia 0.2.

Ndiyo maana mbuzi anayezurura porini siku nzima akichagua majani mara nyingi yuko salama zaidi kuliko yule aliyefungiwa bandani na kushindiliwa pumba. Anayekula vitu vingi hujipatia madini mengi.

Hatua ya 3: Wape chumvi ya kawaida kwanza

Kama mifugo yako haijawahi kupata chumvi, usianze na jiwe la bei ghali. Mnyama mwenye njaa ya chumvi hula chochote chenye ladha ya chumvi bila kiasi, na akiyavamia madini yenye shaba au urea anaweza kujiua. Ikomeshe njaa hiyo kwanza.

Mbuzi au kondoo wa kilo 30 anahitaji takriban gramu 5 hadi 10 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja hadi viwili. Siku tatu za kwanza changanya kiasi kidogo kwenye pumba au kwenye majani yaliyokatwa, nusu kijiko kwa kila mmoja. Kisha weka chumvi kwenye kihori wajilambie wenyewe. Maji yawepo muda wote. Chumvi nyingi bila maji huleta kuharisha, kupepesuka, na hata kifo.

Kuhusu magadi. Huku Kaskazini, na upande wa pili wa mpaka hadi Kajiado, wafugaji wamewapa mifugo magadi vizazi na vizazi, na wanyama wanayapenda. Magadi yanatoa sodiamu, hilo ni kweli. Lakini ni sodiamu kaboneti na bikaboneti, si chumvi ya mezani. Hayana fosforasi ya maana, na mengi yana floraidi nyingi. Floraidi ndiyo inayofanya meno ya watu wa maeneo mengi ya Arusha na Meru kuwa ya kahawia. Kwa mbuzi huleta meno yenye madoa yanayochakaa mapema, na mbuzi asiye na meno hana maisha. Ukitumia magadi, yasiwe chanzo pekee cha chumvi, hasa kama maji ya kisima chako nayo yana floraidi.

Ukiwa pwani au sehemu yenye visima vya maji ya chumvi, mifugo yako huenda tayari inapata sodiamu kwenye maji. Hawa watalamba kidogo sana chochote chenye chumvi, na njia ya kuwapa madini ni kuyachanganya kwenye chakula.

Hatua ya 4: Chagua kati ya fosforasi na kalsiamu

Rudi kwenye daftari la hatua ya 2.

*Kama wanakula zaidi nyasi kavu na mabua*, pungufu kubwa huwa fosforasi. Ishara yake utaiona: wanatafuna mifupa, mawe, mbao, na hata nguo kwenye kamba. Majike hayapandiki kwa wakati. Nunua DCP, ambayo huwa na fosforasi takriban asilimia 18 na kalsiamu pia. Changanya kilo 1 ya DCP na kilo 1 ya chumvi ya kawaida, weka kihorini.

*Kama wanakula pumba nyingi*, fosforasi wanayo tele. Ukiwaongezea DCP unazidisha tatizo. Hawa wanahitaji chokaa ya mifugo, yaani kalsiamu kaboneti: kilo 1 kwa gunia la pumba la kilo 50, ichanganywe vizuri isibaki chini ya gunia. Lengo ni kalsiamu kuzidi fosforasi kwenye chakula chote, vizuri zaidi ikiwa karibu mara mbili.

Hili la pumba nalirudia kwa sababu linaua madume. Fosforasi ikizidi, vijiwe hujijenga kwenye mkojo. Jike hupitisha, maana njia yake ni fupi na pana. Dume njia yake ni ndefu na nyembamba, na aliyehasiwa akiwa mdogo sana ndiye hatari zaidi kwa sababu njia haikupanuka. Unayemnenepesha kwa pumba akisubiri Idi au Krismasi ndiye huziba mkojo wiki chache kabla ya kuuzwa. Chokaa, chumvi na maji mengi ndiyo kinga.

Makosa ya kuepuka hapa:

- Usitumie chokaa ya kupaka nyumba. Ile iliyochomwa huunguza mdomo na tumbo. Uliza chokaa ya mifugo au ya kuku, ile ya mawe yaliyosagwa tu.
- Usiwape mbolea. Watu huuliza kuhusu fosfeti ya Minjingu kwa sababu inatoka hapahapa Manyara na bei yake si kubwa. Fosfeti ya mwamba ina floraidi nyingi. Ibaki shambani.
- Mifupa ya kuokota usiisage mibichi. Kimeta hukaa kwenye mabaki ya mnyama kwa miaka mingi. Kama lazima utumie mifupa, iwe ya machinjioni, ichome mpaka iwe myeupe kabisa na kuvunjika kwa vidole, ndipo usage. Mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla huku damu ikimtoka puani au nyuma usiuguse. Mwite afisa mifugo.

Hatua ya 5: Chagua mchanganyiko wa madini madogomadogo, na soma shaba kwenye lebo

Chumvi na DCP havina shaba, zinki, kobalti wala seleniamu ya kutosha. Hapo ndipo mchanganyiko wa dukani au jiwe la kulamba linapoingia. Mwili unahitaji madini haya kwa miligramu tu, na ndiyo sababu hayakadiriwi kwa macho.

Kondoo na shaba ni jambo la kuogopa. Kondoo huhifadhi shaba kwenye ini na hawezi kuitoa haraka. Kwa kawaida chakula chake chote kisizidi miligramu 15 za shaba kwa kilo ya chakula kikavu. Sasa fanya hesabu. Lebo inasema shaba 1,000 mg kwa kilo, na kondoo wako analamba gramu 10 kwa siku. Ameingiza miligramu 10. Anakula takriban kilo moja ya majani makavu kwa siku, na majani yenyewe mara nyingi yana miligramu 4 hadi 8. Tayari umefika ukingoni, na mchanganyiko wa ng'ombe unaweza kuwa na shaba zaidi ya hiyo.

Sumu ya shaba haina haraka. Kondoo analamba kwa wiki au miezi, ananenepa, anaonekana mzuri kuliko wote. Kisha siku moja anapata mshtuko: mvua kubwa, safari, njaa ya siku mbili. Ini linaachia shaba yote kwa pamoja. Fizi na macho vinakuwa vya njano, mkojo mwekundu wa rangi ya kahawa, na kwa kawaida anakufa ndani ya siku moja au mbili. Ukiona hivyo, ondoa jiwe kwa kundi lote siku hiyohiyo.

Mbuzi anavumilia shaba zaidi na anaihitaji zaidi. Kama mbuzi na kondoo wanalala banda moja, tumia mchanganyiko wa kondoo, kisha mbuzi uwaongezee pembeni kama itathibitika wanahitaji. Mbolea ya kuku inayolishwa mifugo nayo inaweza kuwa na shaba nyingi, kwa hiyo kondoo wasipewe.

Jiwe la ng'ombe lenye urea lina hatari ya pili. Mvua ikilinyeshea, urea huyeyuka na kutuama juu yake, na mbuzi anayekunywa maji hayo anaweza kufa kabla hujamaliza kumwita daktari. Watoto ambao bado wananyonya wasifikie kabisa jiwe la urea.

Hatua ya 6: Pima wanacholamba

Kuweka jiwe na kuondoka si kulisha madini. Pima.

Mathalani una wanyama 20. Jumatatu asubuhi weka kilo 2 za mchanganyiko wa unga kihorini. Jumatatu inayofuata pima kilichobaki. Ikiwa hakuna kitu, wamelamba gramu 2,000 kwa siku 7, yaani karibu gramu 14 kwa kila mmoja kwa siku. Linganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye lebo. Ikiwa imebaki kilo 1 na nusu, kila mmoja amepata chini ya gramu 4, na huo ni mdogo.

Fanya hivyo wiki nne mfululizo kabla ya kuamua lolote, kwa sababu wiki ya kwanza huwa na pupa. Unga ni bora kuliko jiwe kwa mbuzi na kondoo. Ulimi wao ni laini, si kama wa ng'ombe, na jiwe gumu hulitafuna kwa meno mpaka yaumie.

Weka vihori viwili kama kundi lina wakubwa wanaowafukuza wadogo. Wastani wa gramu 14 unaweza kuficha beberu anayelamba 40 na mitamba isiyofika kabisa.

Hatua ya 7: Tazama kundi kwa miezi mitatu

Andika kila mwezi mambo haya: uzito wa watoto, majike mangapi yamepandwa, watoto walivyozaliwa, rangi ya manyoya, ngozi.

Baadhi ya ishara zinaelekeza kwenye madini fulani. Mbuzi mweusi anayegeuka kuwa na rangi ya kutu, hasa kuzunguka macho, na ncha ya mkia ikakosa nywele, mshuku shaba. Watoto wanaozaliwa wakiyumba miguu ya nyuma, au wanaoanza kuyumba wakiwa na wiki chache, nao ni shaba iliyomkosa mama wakati wa mimba. Watoto waliozaliwa wafu au bila nywele wakiwa na uvimbe kooni, rovu, ni madini joto. Hili huonekana zaidi kwa mama aliyelishwa kabichi au majani na maganda ya mihogo kwa wingi. Ngozi inayokuwa ngumu na kupasuka miguuni na usoni, na dawa ya upele haisaidii, ni zinki. Hii hutokea hata pale zinki ilipo, kama chokaa imezidi. Watoto wenye nguvu jana ambao leo wamekakamaa na hawawezi kusimama kunyonya, seleniamu na vitamini E.

Mahali ulipo pana uzito wake. Bonde la Ufa la Kenya kuzunguka Nakuru na Naivasha linajulikana kwa wanyama wake kukosa shaba ya kutosha mwilini, maana molibdeni iliyo kwenye malisho huifunga shaba. Hata swala pala wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru walikutwa na shaba pungufu. Nakuru hiyohiyo ilitoa jina la ugonjwa wa kukonda uitwao Nakuruitis, ambao chanzo chake ni ukosefu wa kobalti. Mfugaji wa huko ana sababu ya kufikiria shaba na kobalti mapema. Mfugaji wa pwani hana sababu hiyo mpaka mifugo yake imwonyeshe.

Hatua ya 8: Sasa damu, kama bado kuna swali

Pima damu pale ambapo umefuata hatua saba, ishara bado zipo, na una shaka ya madini fulani. Usiombe "vipimo vyote vya madini". Utalipa nyingi upate karatasi usiyoijua.

1. Piga simu maabara kwanza. Tanzania kuna Wakala wa Maabara ya Veterinari wenye makao Temeke na vituo vya kanda. Kenya kuna maabara kuu ya Kabete na zile za kanda. Si kila kituo kinapima kila madini, kwa hiyo uliza wanapima nini, kwa chupa gani, na kwa bei gani.
2. Chagua wanyama 6 hadi 10 wa rika moja na hali moja, kwa mfano majike yenye mimba ya mwisho, au watoto wa miezi minne. Mmoja hasemi chochote kuhusu kundi.
3. Usichukue damu ya mnyama mwenye homa au jeraha linalotunga usaha. Uvimbe mwilini hupandisha shaba kwenye damu na kushusha zinki, na majibu yatakupotosha.
4. Damu ichukuliwe na mtaalamu kwenye mshipa wa shingo. Kwa kalsiamu na magnesiamu itumike chupa isiyo na dawa. Ile ya kizibo cha zambarau ina dawa inayoifunga kalsiamu, na majibu yatasema haipo. Kwa zinki uliza chupa maalumu ya madini, kwa sababu vizibo vya mpira huchafua sampuli kwa zinki yake. Seleniamu hupimwa kwenye damu nzima. Kwa kobalti, kinachopimwa ni vitamini B12.
5. Damu isisukumwe kwa nguvu kupitia sindano wala kutikiswa. Chembe zikipasuka, fosforasi, magnesiamu na chuma hupanda bila sababu. Maji yanayobaki juu damu ikiganda yakiwa mekundu badala ya manjano hafifu, sampuli hiyo itupwe.
6. Chupa isimame wima kivulini mpaka damu igande, kisha maji ya juu yatenganishwe mapema, ndani ya saa mbili ikiwezekana. Isafiri kwenye boksi la baridi bila kugusa barafu. Damu ambayo haijatenganishwa isigandishwe.
7. Andika kwenye fomu: umri, mimba, chakula, madini wanayolamba, na tarehe ya sindano yoyote ya karibuni.

Kwa shaba kuna njia bora zaidi, na haihitaji sindano. Siku mnapochinja, kata kipande cha ini ukubwa wa kiberiti, weka kwenye mfuko safi, gandisha, peleka. Ini linaonyesha akiba yenyewe.

Hatua ya 9: Soma majibu bila haraka

Kila maabara ina viwango vyake vilivyochapwa pembeni, na hivyo ndivyo vya kufuata. Ili usiwe gizani, haya ni makadirio ya kawaida kwa mbuzi na kondoo wazima:

- Kalsiamu: 2.2 hadi 2.9 mmol/L, sawa na takriban 9 hadi 11.5 mg/dL
- Fosforasi: 1.3 hadi 2.4 mmol/L, sawa na 4 hadi 7.5 mg/dL, watoto huwa juu zaidi
- Magnesiamu: 0.9 hadi 1.3 mmol/L, sawa na 2.2 hadi 3.1 mg/dL
- Shaba: 0.7 hadi 1.2 mg/L
- Zinki: 0.8 hadi 1.2 mg/L

Kalsiamu ikiwa chini kwa jike lenye mimba ya mwisho au aliyezaa jana, hiyo ni dharura. Ikiwa kawaida, haikuambii chakula kinatosha. Magnesiamu inafuata chakula cha karibuni, kwa hiyo ikiwa chini iamini. Fosforasi inayumba kwa saa na kwa umri, hivyo angalia wastani wa wote. Shaba ikiwa chini kwa wengi, akiba imekwisha. Ikiwa kawaida, bado ini linaweza kuwa karibu tupu.

Majibu yakiwa ya katikati, fanya jaribio nyumbani. Gawa watoto wa rika moja mafungu mawili, uwatie alama masikioni. Fungu moja lipate madini yanayoshukiwa kwa ushauri wa daktari, jingine libaki na chumvi tu. Pima uzito wote leo, kisha kila baada ya wiki nne kwa miezi mitatu. Fungu la kwanza likiongezeka uzito kwa wazi, umepata jibu ambalo karatasi ya maabara haikuweza kukupa.

Mambo yakienda kombo

*Hawalambi kabisa.* Angalia kama maji yao ni ya chumvi. Kama siyo, huenda unga umeloa na kuwa jabali, au umechafuliwa na kinyesi. Ubadilishe, nyunyiza pumba kidogo juu. DCP peke yake haina ladha, ndiyo maana tunaichanganya na chumvi.

*Wanamaliza kwa siku mbili.* Walikuwa na njaa ya chumvi. Rudi hatua ya 3, wape chumvi tupu wiki moja, halafu mchanganyiko.

*Bado wanakula udongo na plastiki.* Ikiwa fosforasi na chumvi wanapata kwa kipimo, tazama minyoo tena, kisha nyuzinyuzi. Mnyama wa bandani anayekula pumba bila majani marefu hutafuna chochote.

*Beberu anasimama kujikamua, anapiga kelele, mkojo unatoka matone.* Mnyime pumba, mwite daktari saa hiyo. Usimlazimishe kunywa maji mengi, kibofu kinaweza kupasuka.

*Jike lenye mimba ya mapacha linayumba, limelala, shingo limekunja.* Inaweza kuwa kalsiamu, inaweza kuwa njaa ya mimba, yaani chakula anachopata hakimtoshi yeye na watoto wa tumboni. Daktari atampa kalsiamu, na kama ndiyo shida yake atasimama ndani ya saa chache. Usimchome kalsiamu mshipani mwenyewe, ikienda haraka inasimamisha moyo.

*Nimeuziwa sindano ya seleniamu, nimchome kila mmoja?* Hapana, mpaka daktari athibitishe na kupima uzito. Tofauti kati ya kipimo cha kutibu na cha kuua ni ndogo, na mtoto wa mbuzi wa kilo 4 hana nafasi ya makosa.

*Damu ilisema shaba iko chini, nikanunua jiwe la ng'ombe, kondoo mmoja amekuwa wa njano.* Ondoa jiwe sasa hivi. Waliobaki waache mahali tulivu, usiwasafirishe wala kuwanyima chakula, na mwambie daktari neno "shaba" kabla hajafika ili aje amejiandaa. Aliyekufa apasuliwe, na ini lake lipelekwe maabara.